Dodoma Mjini ya zamani: mbunge alibadilika, chama hakikubadilika

Mzawa wa Chang'ombe (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Tangu Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi itangaze majimbo mapya Mei 2025, kijiweni kwetu watu bado wanasema "Dodoma Mjini" wakimaanisha jimbo zima la zamani, kuanzia Nala mpaka Hombolo. Lile halipo tena. Jina limebaki kwa kipande kimoja, kipande kingine sasa ni jimbo la Mtumba. Kabla hatujasahau lilikuwaje, nimeona nifungue uzi tuwekane sawa. Wenye kumbukumbu za zamani karibuni. Matusi ya vyama yana nyuzi zake, hapa tuyaache.

Jambo linalonisumbua siku nyingi ni hili. Mwaka 2010 Arusha Mjini ilikwenda kwa Lema, Mbeya Mjini kwa Sugu, Iringa Mjini kwa Mchungaji Msigwa, Nyamagana kwa Wenje, wote wapinzani wa Chadema. Moshi Mjini mzee Ndesamburo alikuwa keshajikalia tangu 2000. Ikaja 2015 na Ukawa, ule muungano wa vyama vya upinzani, Tanga Mjini ikaenda CUF, Bukoba Mjini ikaenda Chadema. Sisi je? Kimya. Tangu vyama vingi virudi hadi siku jimbo linakatwa, Dodoma Mjini haikuwahi kupeleka mpinzani Bungeni, na Bunge lenyewe liko hapa hapa, mtu anatoka Area D anafika kwa bodaboda.

Najua jibu la haraka: makao makuu ya CCM yako Dodoma. Nalikubali nusu. Nusu nyingine nalikataa, kwa sababu kama watu wa hapa walikuwa wameridhika kiasi hicho, mbona wabunge hawakudumu? Hashim Saggaf alikuwepo Bunge la 2000 hadi 2005. Akaja Ephraim Madeje, kipindi kimoja. Mwaka 2010 akaja Dk. David Malole, naye kipindi kimoja. Mwaka 2015 akaja wakili kijana, Anthony Mavunde, huyo ndiye aliyepita tena 2020 na kuwa mbunge wa mwisho wa jimbo zima. Linganisheni na jirani zetu wa Kongwa. Ndugai aliingia 2000 na hakutoka mpaka mauti yalipomkuta Agosti 2025, siku mbili tu baada ya kuongoza tena kura za maoni za kumpata mgombea wa CCM.

Hoja yangu basi: hasira ya mpiga kura wa Dodoma Mjini ilikuwepo kama ya mwenzake wa Arusha au Mbeya. Tofauti ni mahali ilipotokea. Kule ilitokea Oktoba, kwenye sanduku. Hapa ilitokea Julai na Agosti, kwenye kura za maoni za CCM. Mtu aliyechokwa alichinjiwa ndani ya chama, Oktoba ikifika mwananchi anaona sura mpya jukwaani, shati la kijani lile lile, anapiga kura anarudi nyumbani.

Na tusidanganyane kwamba kura za maoni zilikuwa takatifu. Tunakumbuka enzi za takrima. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu "ukarimu" wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoufuta 2006 baada ya wanaharakati wa haki za binadamu kufungua kesi. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Kati ya hapo kila mtu anajua nani alikula pilau ya nani.

Jingine ni nani alikuwa anapiga hizo kura. Kabla ya 2010 ni wajumbe wa mkutano mkuu. Mwaka 2010 CCM ikafungua mlango, kila mwanachama mwenye kadi akapiga kura kwenye tawi lake. Mwaka huo ndio mzee Malecela aliangushwa na Livingstone Lusinde, yule Kibajaji, kule Mtera, mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu anaondolewa na Kibajaji! Kwetu mjini ndio mwaka Malole alipoingia. Mwaka 2020 wakarudisha kwa wajumbe, kura zikihesabiwa mbele ya kadamnasi. Kila walipobadilisha utaratibu, aina ya mtu anayeshinda nayo ilibadilika.

Nimemaliza. Nikosoeni.

Tambukareli Original

Mleta uzi umeandika vizuri ila "alichinjiwa ndani ya chama" ni lugha ya mnada wa Msalato. Nakaa nasubiri wazee.

Bwana Takwimu

Mkuu, nakubaliana na sehemu ya kura za maoni. Ila ile nusu ya makao makuu ya CCM hata mimi naitilia shaka. Morogoro Mjini makao makuu ya CCM hayapo, na 2010 na 2015 zote alishinda Abood wa CCM. Singida Mjini 2005 na 2010 ni Mo Dewji, CCM, 2015 Mussa Sima, CCM. Ukanda wote wa reli ya kati kutoka Moro kuja huku, miji haikuanguka. Kwa hiyo tusitafute sababu ya Dodoma peke yake.

Takwimu za kitaifa zinasaidia kidogo. Mwaka 2005 Kikwete alipata asilimia 80, mwaka 2010 akashuka mpaka 62, na Dk. Slaa akapata 27. Huo mporomoko ndio uliowabeba kina Lema na Sugu. Mwaka 2015 Magufuli 58, Lowassa karibu 40. Kama kulikuwa na mwaka wa Dodoma Mjini kuanguka ni mmojawapo wa hiyo miwili. Haikuanguka.

Mzee wa Reli

Wanangu, hamjambo.

Mnaanza hadithi katikati. Jimbo hili lina historia kabla ya vyama vingi, na kabla ya huyo Saggaf mnayemtaja kama ndiye Adamu.

Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, na vingi kati ya hivyo, 58, mgombea alipita bila kupingwa. Katika baraza la mawaziri la uhuru mtu wetu wa Dodoma alikuwa mwalimu Job Lusinde, akishika Serikali za Mitaa. Msimchanganye na huyo Kibajaji.

Ilipofika 1965 nchi ilikuwa ya chama kimoja, lakini msidhani hapakuwa na ushindani. Mkutano wa wilaya unapigia kura watia nia, Halmashauri Kuu ya Taifa inateua wawili, hao ndio wanakuja kwa wananchi. Mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Hukuruhusiwa kufanya kampeni peke yako wala kwa gari lako. Chama kinawapakia wote wawili, mnapanda jukwaa moja, huyu anaongea, yule anakaa anasikiliza anavyosemwa, kisha mnarudi kwenye gari lile lile! Kugusa dini, kabila au rangi ilikuwa marufuku. Mkigombana njiani ni juu yenu.

Jembe ndilo wengi walilitamani. Ugogoni hapa ukisimama na jembe, robo ya maneno umeshasema. Wa nyumba alikuwa na kazi ya kueleza kwamba jembe bila nyumba unalaza wapi. Watu walicheka mikutanoni, lakini mawaziri walianguka. Mwaka huo huo wa 1965 Paul Bomani, waziri mzito, aliangushwa Mwanza, ikabidi Mwalimu amrudishe Bungeni kwa kumteua. Utaratibu huo wa wawili wawili ulikwenda mpaka uchaguzi wa 1990.

Sasa mleta uzi anaposema watu wa Dodoma walizoea kumaliza hasira ndani ya chama, anasema kweli, ila asidhani tulijifunza 2010. Kwa miaka 25 tulifundishwa kwamba uchaguzi ni mtu huyu au mtu yule, chama hakiguswi. Vyama vingi vilipokuja 1992, miji mingine iliacha hiyo tabia mapema. Sisi tuliendelea nayo.

Halafu lipo la makao makuu. Mwaka 1973 TANU iliuliza matawi yake nchi nzima kama makao makuu yahamie Dodoma. Matawi 1,017 yakakubali, 842 yakakataa. Msiipuuze hiyo 842! Kuanzia hapo Dodoma ikawa mradi wa chama. Mtu wa hapa akipigia chama kura alikuwa pia anapigia ahadi ya mji wake kura. Ahadi yenyewe ilichelewa sana. Nilishuhudia viongozi wakija Alhamisi na kuondoka Jumapili kwa treni na ndege miaka na miaka. Lakini nani angeikata mkono ahadi?

Tambukareli Original

Shikamoo mzee. "Jembe bila nyumba unalaza wapi" nimeiweka stetasi.

Nyemo wa Mbabala

Ndugu zangu mnaongea kama jimbo lilikuwa Nyerere Square na Majengo sokoni. Jamani, Dodoma Mjini ilikuwa na kata 41. Toeni hizo za katikati, Uhuru, Viwandani, Madukani, Makole, Tambukareli, Kilimani, hata Chang'ombe ya mleta uzi. Zilizobaki ni nini? Mbabala, Zuzu, Chigongwe, Mpunguzi, Matumbulu, Ipala, Chahwa, Chihanga, Hombolo mbili, Mbalawala. Huko tunalima uwele na mtama, tunafuga, na zabibu. Mjini tunakuja kuuza na kutibiwa.

Mgombea wa upinzani alikuwa anapiga mkutano mjini, vijana wamejaa, pikipiki zinapiga honi, picha zinasambaa. Anaamini keshashinda. Huku kwetu hajakanyaga. Mawakala hana. Siku ya kura kituo kiko shule ya msingi, darasani, madawati yamesukumwa ukutani, kwenye benchi la mawakala unamkuta wa CCM, mtoto wa balozi wa nyumba kumi, anawajua wote kwa majina na kwa mama zao. Wa upinzani kiti chake kitupu, au kaletwa kijana kutoka mjini ambaye saa tisa mchana anauliza maji ya kunywa yako wapi.

Na kalenda nayo. Kampeni huwa Agosti hadi Oktoba. Agosti na Septemba ni mavuno ya zabibu. Mgombea anakuja na katiba mpya, mtu ana makreti yanaiva juani na dalali kashusha bei, anachotaka kusikia ni nani atanunua zabibu yake kesho. Mwenye jibu hata la uongo anapata kura.

Mnakumbuka 2005? Uchaguzi ulikuwa uwe tarehe 30 Oktoba, mgombea mwenza wa Chadema Jumbe Rajab Jumbe akafariki, ukasogezwa hadi 14 Desemba. Desemba huku watu wako shambani wanaberega, yaani kuandaa shamba, na kupanda. Aliyekwenda kupiga kura siku hiyo ni yule aliyefuatwa nyumbani na kuambiwa twende. Na chama chenye watu wa kumfuata mtu nyumbani kijijini kilikuwa kimoja.

Bwana Takwimu

Nyemo, hoja ya vijiji ina nguvu lakini ina tundu. Singida Mashariki ni vijiji vitupu, wakulima wa alizeti na mtama, wala hakuna mji wa maana. Lissu wa Chadema alichukua 2010, akachukua 2015, mpaka Ndugai, akiwa Spika, alipotangaza kiti kiko wazi 2019. Mkulima si CCM kwa kuzaliwa.

Nyemo wa Mbabala

Sijasema kwa kuzaliwa. Lissu ni mtoto wa Ikungi, aliwasimamia watu kwenye mambo ya ardhi na migodi kabla hajaomba kura. Alikanyaga kijijini kwanza. Nionyeshe mpinzani wa Dodoma Mjini aliyeshinda mioyo ya Chigongwe miaka mitatu kabla ya uchaguzi. Walikuwa wanatuletea mtu Agosti.

Bwana Takwimu

Hapo nimekuelewa.

Boom Limeisha

Mmesahau UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma.

Chuo kilianza 2007, kikajaa haraka, kuja 2010 huku mlimani kuna wapiga kura maelfu, wengi vijana, wengi waliojiandikishia chuoni. Uchaguzi ni 31 Oktoba. Serikali ikasogeza kufungua vyuo mpaka Novemba. Mwanafunzi kajiandikisha Dodoma, siku ya kura yuko kwao Kyela au Tarime. Upinzani ulilalamika sana mwaka ule, nchi nzima. Sisemi jimbo lingeanguka. Nasema kundi ambalo Mbeya na Arusha lilipiga kelele, hapa siku ya uchaguzi halikuwepo mjini.

Na miaka iliyofuata wanafunzi wenyewe tulilemaa. Mtu anakaa Dodoma miaka mitatu, minne, hajui diwani wa Ng'hong'honha ni nani. Mbunge wake moyoni ni wa nyumbani kwao.

Mzawa wa Chang'ombe

Hii ya "mbunge wa nyumbani kwao" ni kubwa kuliko UDOM. Julai 2016 Magufuli alipotangaza kwenye Siku ya Mashujaa hapa Dodoma kwamba serikali inahamia, walihamia watumishi na familia zao. Tazama sensa: 2012 tulikuwa 410,956. Mwaka 2022 tukawa 765,179. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi. Wanaishi Iyumbu, Ilazo, Nzuguni, Kisasa, lakini kisiasa wengi wao bado wako Moshi, Rungwe, Bunda. Msiba wa kwao anakwenda, mkutano wa mtaa wa hapa hana habari.

Ndiyo maana hata mji ulipojaa wageni ambao kwao walikuwa wanapigia upinzani, jimbo halikutikisika. Na tuseme wazi, mtumishi wa umma aliyehamishwa juzi hawezi kuonekana kwenye mkutano wa upinzani halafu Jumatatu aingie ofisini Mtumba.

Mama Kijani wa Kikuyu

Mnaongea kana kwamba watu walilazimishwa. Wengine tulichagua CCM kwa sababu tuliona kazi. Dodoma ya 2005 na ya 2020 ni ile ile? Lami mitaani, stendi mpya, soko la Ndugai, hospitali. CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyotutesa na viwanja, nani aliivunja? Rais wa CCM, Mei 2017. Na mwaka uliofuata tukawa jiji. Mpinzani angevunja CDA?

Tambukareli Original

Mama shikamoo. Ila CDA nani aliiunda?

Mama Kijani wa Kikuyu

Marahaba. Aliyeiunda ndiye aliyeivunja, ndiyo uzuri wa nyumba yenye mwenyewe.

Mzee wa Reli

Mama kasema jambo ambalo hamtalipenda. Ardhi ndiyo iliyokuwa siasa halisi ya jimbo hili, kuliko maji hata. Tangu 1973 CDA ilikuwa mwenye ardhi yote ya mji mkuu. Mtu wa Nkuhungu au Ntyuka aliyekuta shamba la babu yake limepigwa vigingi hakwenda kwa chama cha upinzani, alikwenda kwa diwani wake, kwa mbunge, kwa mkuu wa wilaya, wote CCM, kwa sababu hao ndio waliokuwa na mlango wa kugonga. Ukitaka fidia huwezi kumpigia kura asiye na mlango. Wabunge wa hapa walipimwa kwa hilo, na waliochokwa na wananchi walichokwa kwa hilo.

Mwanasheria wa Mtaa

Wadau, kuna kipande cha historia ya uchaguzi kilichozaliwa Dodoma na watu wa Dodoma wenyewe hawakitaji. Kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ya mgombea binafsi, ilifunguliwa Mahakama Kuu hapa hapa Dodoma mwaka 1993. Jaji Kahwa Lugakingira akatoa hukumu Oktoba 1994: mtu ana haki ya kugombea bila kuwa mwanachama wa chama chochote. Serikali haikusubiri wino ukauke, ikapeleka mabadiliko ya Katiba kuziba mlango huo. Mtikila aliendelea mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, ikampa ushindi Juni 2013. Mpaka leo mgombea binafsi hayupo.

Sasa liunganisheni na jimbo letu. Mleta uzi anasema uchaguzi halisi ulikuwa ndani ya CCM. Aliyeshindwa kura za maoni huku akipendwa na mitaa angefanyaje? Kuhamia chama kingine ambacho hakina hata balozi Chihanga, au kukaa kimya na kusubiri miaka mitano. Wengi walikaa kimya. Kama hukumu ya Lugakingira ingeachwa iishi, Dodoma Mjini ndilo jimbo ambalo ningetegemea litoe mbunge binafsi wa kwanza, kwa sababu lilikuwa na wagombea wazuri waliokatwa na halikuwa na upinzani wa kuwapokea.

Bwana Takwimu

Naikazia hii. Hoja bora kwenye uzi mpaka sasa.

Dada wa Makole

Nimewasoma wote, kina baba na kaka zangu. Nani kagundua kwamba kwenye orodha yote ya mleta uzi hakuna mwanamke? Saggaf, Madeje, Malole, Mavunde. Na 2025 jimbo likagawanywa, viti vikawa viwili: Mavunde akaenda Mtumba, Dodoma Mjini ikachukuliwa na Paschal Chinyele. Wanaume tena.

Kina mama wa mkoa huu wapo Bungeni miaka yote, Felister Bura, Fatma Toufiq, ila kwa viti maalum. Nguvu za kina mama zinahitajika kwenye kujaza viwanja, kupika, kuimba, kuhamasisha nyumba kwa nyumba. Kwenye fomu ya jimbo tunaambiwa tusubiri UWT, jumuiya ya wanawake wa CCM. Kura za maoni mnazozisifu kwamba zilikuwa uchaguzi halisi zilihitaji fedha na wajumbe wa kukulinda usiku. Mwanamke akizunguka kata 41 usiku kuonana na wajumbe, kesho yake mnasema nini?

Mama Kijani wa Kikuyu

Hapo mwanangu nakuunga mkono. Nimelala macho kwa ajili ya wagombea wanaume watatu tofauti, hakuna aliyeniuliza kama na mimi nataka fomu.

Ihumwa Junction

Naona mmefika kwenye mgawanyo, ngoja nieleze ulivyokwenda kwa sababu kuna upotoshaji mwingi mitaani. Katiba, ibara ya 75, inaipa Tume kazi ya kuchunguza mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka kumi, kwa kibali cha Rais. Safari hii kigezo kikubwa kilikuwa idadi ya watu: laki sita kwa jimbo la mjini, laki nne kwa la vijijini. Dodoma kwa sensa ya 2022 tulishavuka laki saba na nusu. Hatukupendelewa. Majimbo mapya yalikuwa manane nchi nzima, jumla yakafika 272. Dar walipata Kivule na Chamazi, Mbeya wakapata Uyole.

Jina la Mtumba limetokana na huku kwetu barabara ya Morogoro, uliko mji wa Serikali. Kwa hiyo wizara zote ziko kwenye jimbo ambalo miaka kumi na tano iliyopita mgombea alikuja mara moja, akaomba kura kwenye mbuyu, akaondoka.

Boom Limeisha

Kwa hiyo Rais sasa ni mpiga kura wa jimbo la Mtumba?

Ihumwa Junction

Hapana. Ikulu iko Chamwino, na Chamwino ni wilaya nyingine na jimbo jingine, lile lililoitwa Chilonwa mpaka 2020. Magufuli alipiga kura Chamwino 2020, Rais Samia naye Chamwino 2025. Wala usichanganye na kata ya Chamwino iliyoko hapa mjini. Jimbo la Dodoma Mjini halikuwahi kuwa na Ikulu hiyo, hata lilipokuwa zima.

Tambukareli Original

Makao makuu ya nchi yana Bunge kwenye jimbo moja, wizara kwenye la pili, Ikulu kwenye la tatu. Wagogo tumegawana vizuri.

Bwana Takwimu

Mleta uzi, 2025 hujaigusa kabisa.

Mzawa wa Chang'ombe

Sijaigusa kwa sababu hoja yangu ni jimbo la zamani, na kwa sababu 2025 haipimi kitu ninachokipima. Chadema hawakuwemo, waliondolewa Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili, Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Tume ikatangaza asilimia 97 kwa Rais. Ukitaka kujua kama Mtumba na Dodoma Mjini mpya zitafanana na mama yao, huwezi kuanzia hapo.

Ila kura za maoni za Agosti 2025 nilizifuatilia, na ndizo zilizothibitisha ninachosema. Mjini hapa zogo lote, vikao vya usiku, simu, magari yenye vioo vyeusi, vilikuwa Julai na siku nne za mwanzo za Agosti. Kampeni za ubunge zilizofuata hazikuwa na zogo hilo. Mzee wa Reli, Nyemo, mmenipa vitu ambavyo sikuwa navyo, hasa ya mawakala na ya mlango wa kugonga. Mwanasheria, lete hukumu ya Lugakingira uzi wake wenyewe.

Nyemo wa Mbabala

Na sisi wa Mbabala mmeshatuambia tuko upande gani? Maana diwani anasema hivi, mwenyekiti wa kijiji anasema vile.

Ihumwa Junction

Mkuu, tangazo la mipaka limebandikwa ofisi ya kata. Kaangalie kwa macho yako, usiamini diwani.

Nyemo wa Mbabala

Ofisi ya kata imefungwa, mtendaji kaenda semina mjini. Nitakwenda Jumatatu.